Chupa Isiyokwisha

Siku zile ukitoka Sumbawanga kwenda Iringa uliaga kama mtu anayehama. Lami ilikuwa haijafika kwetu. Basi nililopanda liliharibika kabla ya Laela, likatengenezwa, likaharibika tena tukikaribia Tunduma, na kila lilipoharibika tuliteremka sote, wanaume tukaenda kumsimamia utingo aliyelala chini ya injini kana kwamba macho yetu yangemsaidia kukaza nati. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina nguvu za mwili na sina mpango wowote. Sikuwa nimekimbia kitu. Nilitaka tu kujua barabara ile ikishavuka mlima inakwenda wapi, na nikishajua hiyo, nijue na inayofuata. Ugonjwa huo ninao mpaka leo, ingawa mvi zimeanza kunichungulia masikioni. Mbeya nilifika baridi ya Juni imekaza. Nikawa nashinda sokoni Mwanjelwa mikono kwapani, mpaka dereva mmoja wa lori, Mkinga aitwaye Sanga, aliponiuliza kama naweza kubeba gunia. Nikasema naweza. Akauliza kwetu wapi. Nikamwambia Sumbawanga. "Mfipa unatafuta lori? Ungo wenu umepata pancha?" Waliokuwa karibu wakacheka, maana sisi Wafipa tunasingiziwa kuruka usiku kwa ungo, nami nikacheka, nikapanda nyuma. Tukaenda Rujewa kupakia mchele. Mashine za kukoboa zilinguruma mchana kutwa, pumba zikatuingia masikioni na kwenye kope, na ng'ombe wakapita katikati ya maghala taratibu kama wenye mji wao. Kesho yake tukapanda Makambako na mzigo, tukapita Mafinga kwenye ukungu ambao Sanga aliupenya kwa kutoa kichwa dirishani, na alasiri tukateremka Ipogolo, pale chini ya mlima ambapo malori hupumua kabla ya kupanda Iringa mjini.

Pale ndipo palipokuwa na mgahawa wa Mama Tumpe. Lilikuwa banda la mbao lililoezekwa bati, ndani benchi ndefu na meza zilizotandikwa plastiki yenye picha za mananasi, nyuma jiko la kuni lenye mafiga makubwa, na ubavuni chumba kidogo cha stoo kilichonuka vitunguu na magunia. Mwenyewe alikuwa Mnyakyusa kutoka Ilomba, Mbeya, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini ambaye hakuhitaji kuipandisha ili asikike. Alimwekea Sanga wali, akaniangalia mimi niliyesimama mlangoni na pumba kichwani.

"Na huyu?"

"Nimemwokota Mwanjelwa," Sanga akasema. "Mzigo ukishuka hapa sina kazi naye."

"Anaweza kupasua kuni?"

"Muulize, mdomo anao."

"Naweza, mama," nikasema.

"Basi kula kwanza. Mwenye njaa hapasui kuni, anapasua mguu."

Nikala wali na maharage na mchuzi wa nyama uliokuwa na tangawizi kwa mbali. Sijawahi kuuelezea mchuzi ule vizuri na sasa nimeacha kujaribu. Nitasema tu kwamba nilipoinua macho kwenye sahani, lori la Sanga lilikuwa limeshapanda mlima, na sikuwa na haraka ya kulifuata. Nikalala stoo, juu ya magunia. Nikakaa karibu mwaka mzima.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya jino. Mwezi uliopita nilikuwa Mbeya, napita kama kawaida yangu, jino la nyuma likaniamsha, nikaenda kung'olewa. Nilipomaliza, muuguzi akanipa chupa ya maji ya rangi ya waridi, ubavuni imeandikwa klorheksidini. "Baba, sukutua asubuhi na jioni. Usimeze. Na ukishasukutua usikimbilie chai." Niliifungua, ikanipiga ile harufu ya mnanaa uliochanganyika na kitu kichungu, nikaanza kucheka, pamba ikiwa bado mdomoni. Muuguzi akadhani ganzi imenipanda kichwani. Nikamuuliza kwa taabu: nitumie mpaka chupa iishe? "Hapana, baba. Wiki moja tu. Hata ikibaki, iache." Nikatoka nje, nikakaa ngazini kwenye jua, nikaiangalia ile chupa. Laiti sentensi ile fupi ingetamkwa Ipogolo mwaka ule, tungejiepushia mambo mengi. Lakini na mimi pengine ningebaki mpasua kuni, nisiyejua lolote kuhusu chumvi.

Jiko la Mama Tumpe lilikuwa na sheria moja. Unaweza kukata, kumenya, kuosha, kukoroga, hata kupakua, lakini chumvi huigusi. Chumvi ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, kwenye rafu, na mkono ulioingia mle ulikuwa wake tu. Ilipofika wakati alichukua mwiko, akadondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja cha kushoto, akalamba, akafumba macho. Kisha alisema neno moja kati ya mawili: "Bado," au "Haya." Akisema haya, sufuria iliteremshwa. Msaidizi wake, dada Vero, Mhehe wa pale pale, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko sisi wote tukijumlishwa, alikuwa amepika naye miaka mingi na hajawahi kutia hata punje. Nilimuuliza siku za mwanzo kwa nini. "Sufuria ina mkono mmoja," akanijibu kwa sauti ya Mama Tumpe, akamwigiza hadi kufumba macho. Kutoka jikoni ikaja sauti yenyewe: "Nakusikia, Vero." Madereva waliosimamisha malori yao Ipogolo walikuwa na migahawa mingine ya kuchagua, mingine ina televisheni. Walikuja kwake kwa ajili ya kile kiganja.

Sasa, tangu kabla sijafika, Mama Tumpe alikuwa anaumwa fizi. Zilivimba, zikawa zinatoka damu akitafuna hata mkate, na meno ya mbele yakaanza kucheza. Siku chache baada ya mimi kuingia, akapanda mjini kwa daktari wa meno. Daktari alimsafisha, akampa chupa ya dawa ya rangi ya waridi, akamwambia asukutue asubuhi na jioni mpaka chupa iishe, halafu arudi amwone. Mama Tumpe alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Akaiweka chupa dirishani, karibu na karai la kunawia, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, na kila jioni baada ya kufunga, tulimsikia akisukutua kwa bidii kama lori linalojaribu kuwaka. Fizi zikatulia na damu ikakoma. Akawasimulia madereva, maana madereva aliwasimulia kila kitu, na hapo ndipo wema ulipotuharibia.

Mtu asiyejua maisha ya barabarani anaweza asinielewe. Dereva hapiti mikono mitupu kwa mtu anayemlisha. Anayetoka Tukuyu ataleta ndizi, wa Rujewa ataleta mchele wa kuonja, wa Mtera ataleta samaki. Waliposikia Mama Tumpe amepona kwa dawa fulani, wakakata ubavu wa boksi lake wakawa wanazunguka nao kwenye maduka ya dawa kama picha ya mtu aliyepotea. Sanga akaleta chupa kutoka Mbeya. Mwingine akaleta kutoka Morogoro. Mwingine akaleta mbili kutoka Dar es Salaam. Mama Tumpe akawashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, na kila chupa mpya alipoipokea aliimimina ndani ya ile ya kwanza. Nilimwona mara nyingi, amefinya jicho moja ili isimwagike. Nilimuuliza kwa nini asitumie tu hiyo mpya. "Hii ndiyo ya daktari," akasema, akiigonga ile kuukuu kwa ukucha. "Hizi nyingine ni wageni." Na kwa kuwa chupa ya daktari haikuisha, hakuwa na sababu ya kurudi kwa daktari.

Chumvi ilianza kuharibika polepole. Kwanza tulidhani ni sisi. Kisha madereva wakaanza kuomba maji, jagi la pili, jagi la tatu. Walimheshimu, kwa hiyo mwanzoni walikunywa tu. Lakini heshima ya dereva ina mwisho wake. Siku moja mchana, banda limejaa, Sanga alionja supu, akaweka kijiko chini taratibu.

"Mama, leo umetupikia sisi au ng'ombe wa Usangu?"

"Una maana gani?"

"Nauliza tu. Maana hii nikiwapelekea wafugaji wa Rujewa, watanilipa ndama."

Banda zima likacheka. Mama Tumpe naye akacheka, akamwambia ulimi wa Mkinga umezoea kulamba vya bure ndiyo maana haujui thamani ya chumvi. Lakini aliporudi jikoni nilimwona akidondosha mchuzi kiganjani, akalamba, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Akalamba tena. Hakusema bado, hakusema haya. Alifuta kiganja kwenye kanga akatoka nje kuangalia barabara.

Ukweli wote niliusikia bila kuutafuta. Ilikuwa alasiri, wateja wameondoka, nami nilikuwa napanga kuni nyuma ya ukuta wa mbao, na Mama Tumpe na Vero wamekaa ndani wanachambua maharage. Punje zilikuwa zikilia kwenye ungo, kisha zikanyamaza.

"Vero, siisikii chumvi."

"Tangu lini?"

"Sijui. Imeondoka kidogo kidogo. Natia, naonja, naona maji. Natia tena."

"Mafua hayo, mama. Baridi ya huku si ya Mbeya."

"Sina mafua." Halafu akasema kwa sauti ileile ya kawaida, kama anayeulizia bei ya mkaa: "Mama yangu alianza hivihivi. Alilalamika chumvi ya dukani haina nguvu. Tukamtafutia ya Uvinza. Akasema na hiyo haina nguvu. Mvua zilipoanza tukamzika."

"Mama yako alikuwa mzee."

"Alikuwa na umri wangu huu."

Mama Tumpe akaendelea kuchambua. Alisema atakaa mpaka Krismasi ipite, maana Krismasi madereva wengi hawafiki kwao na lazima mtu awapikie. Halafu atafunga, atarudi Ilomba kwa dada yake angojee huko. "Sitaki watoto wahangaike kunisafirisha. Mtanipakia kwenye lori la mchele, na Sanga atasimama kila mahali kusimulia."

Leo nina umri aliokuwa nao yeye siku ile, mwaka mmoja pengine umezidi au umepungua, na ndiyo kwanza naelewa ilivyokuwa. Mimi jino moja tu liliponiuma nilitangazia mji mzima. Yeye alikuwa ameamua kwamba anakufa, na akaendelea kuamka kabla ya jogoo, kuosha mchele, kuwatania watu. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba siku iliyofuata aliniita jikoni, akashika mkono wangu wa kushoto, akaufungua kama anayetaka kusoma bahati, akadondosha mchuzi.

"Haya, Mfipa. Niambie."

"Imezidi, mama."

"Imezidi kiasi gani?"

"Kama machozi."

"Sijauliza mashairi. Nimeuliza kiasi."

Tukakubaliana lugha. Nikikunja kidole kimoja, bado kidogo. Viwili, bado sana. Nikifunga ngumi, simama. Alinichagua mimi na si dada Vero kwa sababu, alivyosema mwenyewe, Vero angeonja kabla ya adhuhuri na nchi nzima ingejua kabla ya saa tisa. Kwa hiyo kila siku nilisimama mlangoni mwa jiko kama ninayengoja kuni, yeye akinidondoshea, mimi nikikunja vidole, na chumvi ikarudi mezani. Sanga akatangaza kwamba utani wake umemponya Mama. Lakini mimi nilijua, na Vero alijua, na tulimwona mwenyewe akianza kugawa vitu. Sufuria kubwa akamwonyesha Vero mahali ilipopigwa kiraka, akamwambia isiwekwe kwenye moto mkali. Akanifundisha kuchagua tangawizi kwa kuinusa kwenye kidonda, pale ilipokatwa, si kwenye ngozi. Watu wanaofundisha kwa haraka namna ile huwa wanakwenda mahali.

Tena meno yake, yale yaliyopona, yalikuwa yamegeuka rangi. Yalianza na mstari wa kahawia penye fizi, kisha ukashuka. Mama Tumpe alikunywa chai ya rangi asubuhi nzima, nzito, kwa kikombe cha bati, na alianza kuinywa mara tu alipotema dawa. Vero alileta habari kwamba huko kanisani kwake kina mama wanaulizana kama ameanza kunusa ugoro. "Waambie ndiyo," Mama Tumpe akasema. "Mtu akijua anakwenda, ugoro ni nini?" Alikuwa anatania, lakini tangu siku hiyo alicheka huku ameziba mdomo na kanga, na hilo nililichukia kuliko jambo lolote.

Krismasi ikapita. Alikuwa ameshampelekea dada yake ujumbe kwa mdomo wa Sanga, kwamba atoe mahindi kwenye chumba cha uani ili yeye apate pa kulala. Katika siku hizo fizi yangu ikachomwa na kipande cha mfupa, ikavimba hadi shavu likainuka. Mama Tumpe hakuniuliza. Alinishika sikio akanipeleka dirishani, akajaza kizibo cha ile chupa. "Sukutua. Dawa ni ya watu, si ya mtu." Nikasukutua. Ilikuwa chungu kwanza, halafu baridi, halafu ulimi ukawa kama umevaa soksi. Vero alikaribishwa pia akakataa. Alisema meno ya Kihehe hayafahamiani na daktari. Nikasukutua naye asubuhi na jioni, tukisimama bega kwa bega dirishani tukinguruma, na Vero akituambia kwamba tukiwaka vizuri tutaweza kupanda mlima bila kusukumwa.

Siku kadhaa baadaye Sanga alinirushia pakiti ya karanga za chumvi. Nikatafuna. Nilitafuna mbao. Nikadhani karanga zimechakaa, nikampa Vero, akafumba macho kwa raha: "Hizi zina chumvi, we." Nikasimama pale na karanga mkononi. Kisha nikafanya ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika jiko lile. Niliingia, nikanyoosha mkono kwenye rafu, nikafungua kopo, nikachota chumvi kwa vidole nikaitia ulimini. Ilikuwa mchanga. Nikachota tena.

"Mkono wako unafanya nini kwenye kopo langu?"

Nikageuka. Mama Tumpe alikuwa mlangoni.

"Mama, siisikii."

"Husikii nini?"

"Chumvi."

Nilitegemea kofi. Badala yake alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni, uso umembadilika kabisa. Kwa miezi yote ile sikuwahi kumwona akiogopa kwa ajili yake mwenyewe. Sasa aliogopa kwa ajili yangu. "Nimekuambukiza," akasema. "Mtoto wa watu. Nimekulisha kifo changu kwa mkono wangu." Akaanza kulia, bila sauti, machozi yakishuka hadi kidevuni, na mimi niliyekuwa nimejiona mwanaume nikakaa chini kando ya gogo lake.

Aliyetuokoa ni mdomo wa Vero. Aliingia, akatuangalia, akataka kuelezwa, na alipoelezwa akashika kiuno. "Kifo gani hicho cha kuambukizana kama upele? Hebu nijibuni. Mnakula nini nyie wawili ambacho mimi sili?" Tukamwambia hakuna. Tunakula sufuria moja sote watatu. "Mnakunywa nini?" Chai ileile. Maji yaleyale ya bomba. "Basi mnafanya nini?" Sote watatu tukageuza vichwa, sijui nani wa kwanza, tukaangalia dirishani. Chupa ilikuwa pale, imejaa hadi shingoni, jua limepita ndani yake na kutupa doa la waridi kwenye ukuta.

Vero akaichukua, akasoma ubavu wake kwa shida, herufi zenyewe zilikuwa zimefutika nusu. "Klo-ro-heksi... Hili ni jina la dawa au la askari wa kizungu?"

"Dawa hiyo imeniponya," Mama Tumpe akasema.

"Imekuponya, halafu imekaa."

"Nikiiacha, meno yatatoka."

"Na usipoiacha utakwenda Ilomba kungojea kufa na meno yote mdomoni. Utayafanyia nini huko?"

Mama Tumpe hakulala vizuri, na asubuhi tulimkuta amekaa mbele ya ile chupa, hajasukutua, hajawasha moto. Lilikuwa jambo gumu kuliko linavyoonekana. Kama si dawa, basi ni ule ugonjwa wa mama yake, na atakuwa amepoteza meno bure. Nusura apendelee kutojua. Hatimaye akafunga chupa kwenye kanga, akaniambia nivae shati safi. Tukapanda mjini.

Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye haraka, lakini alimkumbuka. Akamwuliza kwa nini hakurudi. Alikuwa amemtarajia baada ya wiki mbili.

"Ulisema nirudi chupa ikiisha, daktari."

"Na haijaisha? Tangu Juni?"

Mama Tumpe akafungua kanga, akaiweka mezani. Daktari akaiangalia ilivyojaa. Akamwangalia yeye. Akasimuliwa habari za madereva, mmoja mmoja na mji alikotoka, na simulizi ilipofika kwa yule wa Dar es Salaam aliyeleta mbili, daktari alivua miwani akafuta macho. Lakini hakumcheka yeye. Alisema, "Nilipaswa kukutajia siku, mama, si chupa. Hilo nimejifunza leo." Akatueleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya dawa ile: haiondoki unapotema, inang'ang'ania meno na fizi na kuendelea kuua vijidudu kwa saa nyingi, na ndiyo maana ni dawa nzuri. Ila ikikaa mno inapumbaza ulimi, hasa kwa chumvi, na ikikutana na chai inayapaka meno kahawia. Ukiacha, ulimi unarudi. Akapima fizi, akasema ni safi, meno yamekaza, kilichobaki ni mswaki tu. Kisha akamkwangua ile kahawia, kazi iliyochukua muda.

Mama Tumpe alipoinuka kitini aliuliza swali moja. "Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa, mama. Lakini si kwa hili."

Nilikuwa nimetumia dawa muda mfupi, kwa hiyo chumvi ilirudi kwangu kwanza. Kwake ilikawia. Kila asubuhi alidondosha, alilamba, alifumba macho, akanigeukia, na mimi nikaendelea kukunja vidole. Nadhani alianza kuamini kwamba daktari amemfariji tu. Ujumbe wa kuzuia mahindi yasitolewe chumbani hakuutuma. Mpaka asubuhi moja ya mvua, supu ya makongoro iko motoni, yeye amechelewa sokoni, nikatia chumvi mwenyewe kwa idhini aliyokuwa ameniachia. Akaingia amelowana, akaweka kikapu, akachukua mwiko kwa mazoea tu, bila hata kuangalia. Kiganja, ulimi. Akafungua macho.

"Nani katia chumvi kwenye sufuria yangu?"

"Mimi, mama."

"Imezidi."

Haikuwa imezidi. Nilikuwa nimeionja mara mbili. Lakini nilisema, "Ndiyo mama, imezidi," kwa furaha ambayo sijui kama nimewahi kuisikia tena nikikosolewa. Akachukua lile kopo kwenye rafu ya kawaida, akataka kuliweka rafu ya juu yake nisilifikie, akagundua kwamba rafu ile ni mimi tu ninayeifikia, akalirudisha. Vero akatoka nje akasimama mvuani, ameshika aproni usoni.

Siku ya pili baada ya kung'olewa jino nilikwenda kumwona Ilomba. Alirudi huko miaka mingi baadaye, kwa hiari, kupumzika, na mgahawa akamwachia Vero na sufuria yake yenye kiraka. Nilimkuta uani anatafuna mahindi ya kuchoma, kwa meno yake mwenyewe, mzee wa miaka sabini na kitu. Nikamshika mikono, shikamoo mama. Aliniangalia shavu lililovimba. "Marahaba. Umezeeka kuliko mimi. Bado unazurura?" Nikasema bado. Akaona chupa ikichungulia mfukoni mwa koti, akainyooshea kidole, asikishushe mpaka nilipoahidi kwamba ni wiki moja tu. Dada yake akaleta chai. Tulikaa hadi jua likahama ua mzima, tukimsema Sanga, ambaye bado yu hai na bado anasimama kila mahali kusimulia.

Siku zile niliondoka Ipogolo mwezi wa Mei, mvua zilipokatika. Hakuna aliyenifukuza. Ulimi wake ulikuwa umerudi, kuni zimejaa hadi darini, na kila lori lililotua pale lilikuwa linakwenda mahali ambapo sijafika. Mama Tumpe aliona kabla sijasema. Alinifungia ndizi za kuchoma na nyama kwenye jani, Vero akanipa maneno ya kunitosha hadi Dodoma, na Sanga hakuwepo, ilikuwa lori la mtu mwingine, tayari linanguruma. Nilikuwa nimeshafika mlangoni na begi Mama aliponiita jikoni. Alikuwa ameshika mwiko. Akaufungua mkono wangu wa kushoto, akadondosha.

"Onja."

Nikalamba. Nilifumba macho, nikachelewa makusudi kuyafumbua.

"Haya, mama."

"Najua," akasema. "Nenda, utaachwa."